Kura Mbili Zilizobaki Zizini

Siku Arlys Tveit alipopata wazo la kugombea ubunge wa jimbo, alikuwa amesimama ukingoni mwa Mto Sandbur, na mtu mmoja alikuwa akimpungia kofia kutoka ng'ambo. Mtu huyo alikuwa Ingvald Roe, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nyuma yake, mlangoni mwa zizi, ng'ombe wake bora aliyezaa alfajiri alikuwa amelala chini, hawezi kuinuka. Arlys alikuwa daktari wa mifugo, wa pekee katika pembe ile ya magharibi ya Minnesota, na mkobani mwake mlikuwa na chupa ya dawa ya kalsiamu ambayo ingemsimamisha ng'ombe yule kabla kahawa haijapoa. Kilichokosekana ni njia. Daraja la chuma la Nordby lilikuwa pale pale mbele yake, lakini huu ulikuwa mwaka wa sita tangu lizibwe kwa mabonge ya zege, baada ya wahandisi kusema nguzo zake zimeoza.

Alijaribu kuparamia zege avuke kwa miguu. Mbao za daraja zilikuwa na barafu, nyingine hazikuwapo kabisa, na Ingvald akawa anaipunga kofia kwa nguvu zaidi kumkataza. Basi akarudi kwenye pikapu yake, akazunguka maili thelathini na nane kupitia daraja la barabara kuu. Alipofika, ng'ombe alikuwa ameshakata roho. Ingvald hakumlaumu. Alimkaribisha jikoni, akammiminia kahawa, akamkatia kipande cha keki, wakazungumza habari za theluji. Arlys aliona afadhali angetukanwa.

Kesho yake akaenda kumwona mbunge. Alikuwa Ladislav Pribyl, ambaye kila mtu alimwita Laddie, mwenye ghala kubwa la nafaka pale Nordby, aliyekikalia kiti cha ubunge miaka kumi na sita. Alikuwa pande la mtu, mcheshi, anayekumbuka jina la mama wa kila mpiga kura. Alimkalisha Arlys kwenye kiti kizuri, akamsogezea sahani ya kolache, maandazi ya kuoka yenye plamu, alizotengeneza mkewe Blanka, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Lipo kwenye orodha, Daktari," akasema. "Serikali kule St. Paul ni kama ng'ombe mzee. Ukimchapa ndio kwanza analala."

Jibu hilo Arlys alikuwa amelisikia katika chaguzi tatu zilizopita. Alikula kolache mbili, akashukuru, akatoka. Jioni akamwambia mumewe, Norval, kwamba atagombea kwa tiketi ya chama kingine. Norval alikuwa mpeleka barua, na maneno yake aliyatoa kwa uchache kama mtu anayebandua stempu moja moja. Alitafuna, akameza, akauliza kama hiyo ina maana kwamba atalazimika kuvaa tai. Arlys akasema labda mara moja moja. Norval akasema, mara moja moja anaweza.

Kiangazi chote Arlys alipita nyumba kwa nyumba. Watu wengi hakuwakumbuka kwa nyuso, bali kwa mifugo yao. Angebisha hodi, mlango ukafunguliwa, akasita, kisha akasema, "Aa, wewe ndiye mwenye yule wa jicho moja," na mwenye nyumba angecheka na kumwuliza kama anataka kahawa. Alikunywa kahawa nyingi zaidi mwaka ule kuliko miaka yote ya chuo. Kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti, mbele ya umati uliokuja kuangalia nguruwe, Laddie alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumtania kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabanda ya kuku.

"Daktari, nimesikia una wafuasi wengi. Tatizo lako ni moja tu, ng'ombe hawapigi kura."

"Bahati yako, Laddie," Arlys akamjibu. "Wangepiga, ungekuwa umeshastaafu."

Watu wakacheka, na Laddie akacheka kuliko wote. Ndivyo alivyokuwa. Ilikuwa vigumu kumchukia.

Siku ya uchaguzi ikafika, Jumanne ya Novemba yenye upepo wa kukata masikio. Arlys alikuwa na wagonjwa asubuhi nzima, hivyo akapanga kupiga kura jioni, ameoga, amevaa koti safi. Saa kumi na moja alikuwa mlangoni na ufunguo mkononi simu ilipolia. Norval, aliyekuwa ameshapiga kura yake tangu asubuhi, aliipokea, akasikiliza, kisha akaziba kinywa cha simu kwa kiganja.

"Ni Laddie."

"Anataka kukubali kushindwa mapema?"

"Ndama amekwama."

Arlys alitazama saa. Vituo vingefungwa saa mbili usiku. Alifikiri kwamba kazi ya saa moja itamwachia nafasi ya kutosha, akavua koti safi, akavaa buti za mpira.

Zizini kwa Laddie, ndama alikuwa anakuja kinyumenyume, matako mbele, miguu yote miwili imekunjwa ndani. Laddie alikuwa ameshika mkia kwa mkono mmoja na taa kwa mwingine, na ucheshi wake wote ulikuwa umemwisha, kwa maana ng'ombe yule alikuwa wa Blanka, zawadi ya kutimiza miaka thelathini ya ndoa yao. Arlys alizamisha mkono hadi begani, akatafuta kwato, akaipata moja, ikamponyoka, akaipata tena. Walifanya kazi kwa muda mrefu. Kisha Laddie akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumshtua mnyama, kama Arlys angemwita yeye, iwapo mambo yangekuwa kinyume.

"Ningekuwa wewe, ningeshajenga daraja," Arlys akasema, shavu lake limegandamana na ubavu wa ng'ombe. "Vuta pole pole. Nikisema acha, uache."

Laddie alivuta alipoambiwa vuta na kuacha alipoambiwa acha, lakini kwato ya pili haikukubali kabisa. Mwishowe Arlys akanyoa manyoya ubavuni, akachoma sindano ya ganzi, akapasua, na ndama akatolewa kwa njia ya dirisha, kama wasemavyo wafugaji wa pale. Alikuwa jike, mwekundu, mwenye hasira. Alipiga chafya na kujaribu kusimama kabla hajafutwa vizuri. Arlys alishona tabaka baada ya tabaka, Laddie akimpokeza uzi, na walipomaliza wakaketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, wamechoka, wameridhika, wananuka.

Ndipo Blanka alipoingia zizini, amevaa koti lake la kanisani, katoka kituoni kwa miguu. Alimsalimu ng'ombe kwanza, kisha ndama, kisha hao wawili.

"Nyie mmepiga kura saa ngapi?" akauliza.

Walitazamana. Kisha wote wawili wakainua macho kwenye saa ya ukutani iliyojaa vumbi la nyasi kavu. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na mbili. Laddie alianza kucheka polepole, mabega tu, halafu tumbo, hadi akalazimika kushika nguzo asianguke. Arlys naye akashindwa kujizuia. Blanka alisimama katikati yao akiwauliza nini kinachochekesha, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Kulipopambazuka hawakucheka tena. Matokeo yalitangazwa: Pribyl kura elfu saba mia tatu na kumi na nane, Tveit kura elfu saba mia tatu na kumi na nane. Kiongozi wa chama cha Arlys alimpigia simu, akamwuliza ni mgombea gani duniani anayeacha kujipigia kura ili aende kumzalisha ng'ombe wa mpinzani wake. Arlys alisema ng'ombe hakuwa mwanachama wa chama chochote. Upande wa pili nao walimfokea Laddie vivyo hivyo. Kura zilihesabiwa upya kwa mikono siku mbili mfululizo, kila karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga kama yai linalokaguliwa, na hesabu haikusogea hata kwa moja. Pale kwenye mgahawa wa Nordby watu walibishana kwa wiki nzima kama Laddie alimwagiza ndama akae ndani au Arlys ndiye aliyemsukuma arudi. Norval alipoulizwa maoni yake, alisema yeye alimpigia mkewe kura, ni mke mwenyewe aliyekataa kujiunga mkono.

Sheria ya Minnesota inasema kwamba wakilingana hivyo, mshindi apatikane kwa bahati nasibu. Laddie alipendekeza washindane kwa mieleka ya mikono, ofisa wa uchaguzi akakataa bila kutabasamu. Majina mawili yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakakunjwa, yakatiwa ndani ya kopo tupu la kahawa kwenye ukumbi wa kaunti uliofurika watu. Ofisa alilitikisa, akageuza uso pembeni, akachomoa kimoja, akasoma: Tveit.

Arlys alikuwa amejiandaa kwa kushinda na kwa kushindwa, lakini si kwa kushinda namna hii, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Laddie ndiye aliyefika kwake kwanza. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini alitabasamu, akamkumbatia, akamnong'oneza kwamba kiti chake cha bungeni kina mguu mmoja mfupi na kwamba karani wa ghorofa ya pili asiulizwe chochote kabla ya saa tatu. Na kweli, Arlys alipofika St. Paul Januari ile, chini ya kuba la jengo la bunge lenye farasi wa dhahabu, kiti kiliyumba na karani alikuwa mkali hadi saa tatu kasorobo.

Wiki za mwanzo alikuwa kama mgeni kwenye harusi ya watu wengine. Alipotea kwenye korido. Alisimama kuongea wakati haukuwa zamu yake, akaketi wakati ilikuwa zamu yake. Wabunge wa mjini walimwita Daktari, kisha mmoja akamwuliza dawa ya mgongo unaomuuma, na Arlys akamweleza kwamba kwa mnyama wa umri ule yeye hupendekeza malisho laini na asibebeshwe mzigo. Baada ya hapo kila mtu alimjua. Jioni alimpigia Laddie simu na kumwuliza mambo madogo madogo, nani amwone kabla ya nani, nani asionwe kabisa, na Laddie akamweleza yote kwa moyo mweupe. Alimwambia kwamba mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Bi Winifred Lathrop, huchukia maombi ya ofisini ila hupanda ngazi kwa miguu kila siku mchana kwa ajili ya moyo wake, na anayetaka kusikilizwa apande naye. Arlys akapanda naye. Kufikia ghorofa ya tatu alikuwa amepata siku ya kusikilizwa.

Ili kujiandaa, alishuka masijala kuomba faili la daraja. Alitaka kuona lile ombi la zamani, alipoishia Laddie, ili aanzie hapo. Mzee wa masijala alipekua kabati moja, akapekua la pili, akarudi na mikono mitupu. Hapakuwa na faili. Katika miaka sita hapakuwa na mswada, barua, wala karatasi yoyote yenye jina la daraja la Nordby. Arlys alimwomba aangalie tena kwenye orodha ya miradi inayosubiri. Mzee akamwambia kwa upole kwamba ameshaangalia mara mbili.

Jumamosi alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya ghala. Laddie aliinuka kwa furaha, akaanza kumwuliza habari za mguu wa kiti. Arlys alibaki amesimama.

"Nimeitafuta ile orodha," akasema.

"Orodha gani?"

"Ile uliyosema daraja lipo."

Laddie alivua kofia yake, akaiweka mezani, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nje, lori la ngano lilikuwa likimwaga mzigo.

"Ng'ambo kule kuna ghala la ushirika," Arlys akasema. "Wanalipa bei nzuri kuliko wewe, kila mtu anajua. Niambie, tangu daraja lifungwe, wakulima wangapi wa upande huu wanaleta ngano kwako?"

"Unajua mwenyewe."

"Nataka kusikia kwako."

"Karibu wote." Alipangusa paji la uso. "Sikulivunja mimi, Arlys. Lilipofungwa nilisema nitaomba mwaka ujao. Halafu mwaka ujao ukawa mzuri sana."

"Ingvald Roe alikuwa ananipungia kofia, Laddie. Nilikuwa namwona."

Alitoka bila kugusa kolache, jambo ambalo halijawahi kutokea. Njiani alijikuta analia, na lililomuuma hasa si daraja. Ni zile simu za jioni, ule wema wote wa kweli, uliotoka kinywani mle mle mlimotoka uongo. Angekuwa mtu mwovu, ingekuwa rahisi. Alijua kwamba kiongozi wa chama chake angelifurahia jambo lile, angelipeleka gazetini kabla jua halijatua, na Laddie angekwisha Nordby. Hakumpigia. Alimwambia Norval tu, jikoni, wakimenya viazi.

Norval alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Mpe nafasi aliseme mwenyewe," akasema. "Barua ya mtu hufunguliwa na mwenyewe."

Arlys aliwaza usiku na asubuhi. Kisha akachukua kadi nyeupe, akaandika tarehe, saa na namba ya chumba cha kamati, bila salamu wala jina. Jumatatu Norval aliibeba kwenye mzunguko wake wa kawaida, akaitumbukiza kwenye sanduku la barua la Pribyl, akainua bendera nyekundu ya sanduku ili Laddie asiikose, akaendelea na njia.

Siku ya kikao ilikuwa katikati ya Machi, theluji imerudi ghafla wakati watu wameshavua makoti mazito. Chumba kilijaa watu waliokuja kuomba barabara, mabwawa na maktaba. Arlys alihitaji kura kumi. Usiku uliotangulia alihesabu akapata nane. Bi Lathrop, mwembamba, wima kama mshumaa, miwani kwenye ncha ya pua, alimpa dakika tano, na alipomaliza alimwita mhandisi wa serikali asome ripoti yake. Mhandisi alikuwa kijana mwangalifu sana. Alisema kwamba kwa mujibu wa takwimu, mahitaji ya daraja la Nordby hayaonekani kuwa makubwa, kwa kuwa katika miaka sita iliyopita wastani wa magari yaliyolipita kwa siku ni sifuri.

Arlys alisubiri kidogo aone kama kuna atakayesema. Hakuna.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "hayapiti kwa sababu limefungwa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mhandisi akawa mwekundu hadi masikioni, akapekua kurasa zake kana kwamba jibu limo humo. Bi Lathrop hakucheka, ingawa pembe ya mdomo wake ilicheza. Lakini kicheko si kura. Akauliza kama kuna mwananchi mwingine anayetaka kusema kabla hawajaamua.

"Yupo," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Laddie alikuwa amesimama pale, theluji mabegani, kofia kifuani. Nusu ya wajumbe walimfahamu, wakaanza kumpungia mkono na kumtania kwamba hawezi kukaa mbali. Hakuwatania. Alikwenda kwenye meza ya mashahidi, akakaa, akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema alizunguka maili thelathini na nane zaidi ya lazima, makusudi, ili apime inachukua muda gani. Dakika hamsini na tano, akasema, wakati wa theluji.

Kisha akawaeleza. Hakuzungusha maneno. Alisema kwamba kwa miaka sita aliwaahidi watu wake daraja na hakuwahi kuliomba hata siku moja, na kwamba sababu ni ghala lake. Alisema hakuna sheria aliyovunja na ndiyo maana alilala usingizi mzuri miaka yote hiyo, na kwamba sasa haulali tena. Alitaja ng'ombe wa Ingvald Roe. Alitaja watoto wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule linalozunguka, na ajuza mmoja wa ng'ambo aliyekosa mazishi ya dada yake aliyekuwa anaishi upande wa pili wa mto, mbele ya macho yake. Aliongea akiitazama meza.

Bi Lathrop alivua miwani.

"Bwana Pribyl, uliketi kwenye kamati hii mwenyewe kwa miaka minne. Kwa nini unatuambia leo?"

"Nimetumiwa kadi, Mheshimiwa."

"Ilisemaje?"

"Ilisema saa tu. Na namba ya chumba."

Walipiga kura. Kumi na moja kwa nane, na wa kumi na moja alikuwa Bi Lathrop mwenyewe. Daraja likaingia kwenye mswada mkubwa wa ujenzi, na Mei, baada ya kelele nyingi zisizolihusu, likapita pamoja na mengine yote.

Lakini siku ile ya Machi, Arlys alimkuta Laddie koridoni akihangaika kuvaa koti, mkono hauoni tundu. Alimshikia.

"Umenisamehe?" Laddie akauliza bila kugeuka.

"Bado," Arlys akasema. "Twende tukale."

Walishuka kwenye mkahawa wa chini, wakanywa supu ya mchele wa porini, na kwa mara ya kwanza Laddie ndiye aliyekaa kimya na Arlys ndiye aliyeongea.

Nordby ilimsema Laddie kwa majira mawili. Wapo waliokataa kumpa mkono kanisani, na Ingvald Roe, mtu asiyelaumu, alikwenda ofisini kwake, akasimama mbele ya meza dakika nzima bila neno, akaondoka. Laddie alisema afadhali angetukanwa. Blanka alimnunia wiki tatu, kwa sababu naye hakujua, na uchaguzi uliofuata ni yeye aliyechomeka kibao cha kampeni cha Arlys kwenye nyasi mbele ya nyumba yao. Laddie alipoulizwa na watu wa chama chake, alisema yeye hana mamlaka juu ya nyasi za mkewe.

Daraja jipya lilifunguliwa Oktoba ya mwaka wa pili, siku ya mvua. Gavana hakuja. Bendi ya shule ilipiga, tarumbeta zimejaa maji, na Arlys akakata utepe kwa mkasi wake wa zizini, kwa sababu ule wa sherehe ulisahaulika mezani kwa karani. Watu wa halmashauri walitaka daraja liitwe Tveit. Alikataa. Alisema akipita juu yake na gari chafu atajisikia vibaya. Mavuno yale, malori mengi yalivuka kwenda kwenye ghala la ushirika huku Laddie akiyaangalia dirishani. Akapandisha bei yake. Kufikia Krismasi zaidi ya nusu ya wakulima walikuwa wamerudi kwake, na akawaambia kwamba amegundua jambo jipya maishani, anao washindani, na linamchangamsha kuliko kahawa.

Arlys alikaa bungeni miaka kumi na minane. Kila uchaguzi baada ya ule wa kwanza alishinda kwa tofauti ya kura iliyoonekana kwa macho, na kila mara mtu fulani pale mgahawani alidai kwamba ni kopo la kahawa lililomzoesha kushinda. Si kila kitu kilikwenda. Mswada wake wa kuwasaidia madaktari vijana wa mifugo kurudi vijijini ulikufa mara nne, ukafufuka mara ya tano. Ule wa maji ya visima ulikufa na haukufufuka, na aliuomboleza kweli kweli. Bi Lathrop alipostaafu alimwachia Arlys uenyekiti na ile desturi ya ngazi, na wabunge wapya walilalamika kwamba mwenyekiti huyu anapanda haraka mno. Alikuwa mkali kwa waliokuja bila kusoma karatasi zao, na mvumilivu kwa waliotetemeka. Wafugaji waliendelea kumpigia simu hata vikao vikiendelea, na zaidi ya mara moja alionekana nyuma ya nguzo za marumaru akimwelekeza mtu kwa simu namna ya kumgeuza mwanakondoo aliyekwama tumboni.

Alipotimiza miaka sitini na minane alisema imetosha. Hakuna aliyemsukuma. Siku ya mwisho wabunge wanaoondoka hupewa nafasi ya kuaga, na wengi hulia na kuongea robo saa. Arlys aliongea dakika mbili. Aliwashukuru makarani kwa majina, akawakumbusha wajumbe kwamba mswada wa visima bado uko kwenye droo ya tatu kutoka juu, kisha akaketi. Walisimama wote wakapiga makofi, vyama vyote, na yeye akawa anatazama viatu vyake, kwa sababu hakujua mtu hutazama wapi wakati kama huo.

Norval alikuwa anamsubiri nje na gari, amevaa tai. Walisafiri saa mbili kuelekea magharibi, wakasimama kwenye mgahawa wa njiani kula pai ya rubabu, mmea wenye mashina machachu. Mhudumu alikuwa mwanamke mchangamfu wa miaka arobaini hivi. Aliona gauni zuri la Arlys na maua kifuani, akauliza wametoka harusini.

"Ametoka bungeni," Norval akasema. "Miaka kumi na minane."

"Maskini," mhudumu akasema kwa huruma ya kweli. "Na kabla ya hapo ulikuwa unafanya kazi gani, mama?"

"Daktari wa mifugo."

Mhudumu aliiweka birika chini. Alitazama jikoni, akatazama mlangoni, akainama karibu nao, akasema asingependa kuwasumbua watu wanaokula, ila ana mbuzi nyuma pale, wa binti yake, hakanyagi mguu wa mbele tangu juzi, na daktari wa karibu amesema atakuja Alhamisi.

Arlys alikuwa ameshainuka. Alimpa Norval yale maua ashike, akakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, akamwomba mhudumu maji ya moto na kisu kidogo chenye makali. Norval alivuta sahani ya mkewe karibu na yake, akaagiza kahawa nyingine, akalegeza tai.